Tasnifu ya Shahada ya Kwanza katika Insia: Utafiti au Zoezi?

Kila mwaka, miezi michache kabla ya mahafali, wanafunzi wa fasihi, historia, isimu, falsafa, muziki na sanaa za maonyesho hujikuta wakidaiwa kitu ambacho hawajawahi kudaiwa tangu waanze shule, nacho ni swali lao wenyewe. Hadi hapo walikuwa wakiulizwa, nao wakijibu. Sasa wanatakiwa waulize, watafute, kisha walete walichokipata kwa njia ya tasnifu, au igizo, au diwani, au mfululizo wa picha, au filamu fupi. Wapo wahadhiri wanaoiona kazi hiyo kuwa ndiyo kilele cha masomo yote ya shahada ya kwanza, na wapo, pengine wengi kuliko wanaothubutu kulisema hilo kikaoni, wanaoiona kuwa ni desturi inayokula muda wa kila mtu na kuzalisha majalada yanayolala rafuni bila kufunguliwa. Kila upande una hoja zisizoweza kupuuzwa, na kwa maoni yangu kila upande unapima kitu kisichostahili kupimwa.

Wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa fikra za Wilhelm von Humboldt, kilijengwa juu ya dai kwamba kufundisha na kutafiti ni kazi moja, na kwamba mwalimu na mwanafunzi wote wawili wapo chuoni kwa ajili ya elimu, si mmoja kwa ajili ya mwingine. Lakini mpango rasmi wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti, kwa sura inayoigwa leo, ulipata umaarufu katika chuo cha sayansi na uhandisi: MIT, nchini Marekani, mwaka 1969, chini ya Margaret MacVicar. Mwaka 1998 Tume ya Boyer, iliyochunguza elimu ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya utafiti vya nchi hiyo, ilitaka kujifunza kwa kutafiti kuwe ndio utaratibu wa kawaida, si zawadi ya wachache. Agizo la aina hiyo lilizifikia idara zote, zikiwemo za insia, na pamoja nalo ikaja sura ya maabara.

Katika maabara mwanafunzi huingia ndani ya mradi ambao tayari unakwenda. Hupewa kazi ndogo lakini ya kweli, kama vile kuandaa sampuli, kusoma vipimo au kusafisha data, na asipokuwepo kuna pengo. Huenda jina lake likatokea la sita kwenye makala, naye akawa ameona kwa macho yake utafiti unavyokwama na kukwamuliwa. Mhadhiri wa fasihi hana kazi ya namna hiyo ya kumgawia mtu. Anasoma shairi peke yake, anaandika peke yake, na hawezi kumwambia mwanafunzi amsomee beti nane za mwanzo kisha amletee alichokiona, kwa sababu huko kuona ndiyo kazi yenyewe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa insia hupewa mzigo mzima: atafute mada, achague nadharia, akusanye data, achambue, ahitimishe, yote kwa muhula mmoja au miwili. Kinaya kilichopo ni kwamba fani ambazo watu wa nje huzidharau kuwa nyepesi ndizo zinazomtaka kijana wa miaka ishirini na miwili afanye shahada ya uzamivu kwa mfano wa kitoto.

Hapo ndipo wakosoaji wanapopata nguvu. Tasnifu ya mtindo huo tunaijua sote. Ina sura tano. Sura ya kwanza inaeleza usuli kuanzia mbali mno. Sura ya pili inapitia maandishi ya watu ambao mwandishi amesoma ikisiri zao tu, kisha inatangaza nadharia itakayotumika. Nadharia hiyo hubebwa kama mwavuli siku ya jua: inatajwa kwa heshima, inaelezwa mihimili yake mitano, halafu haifunguliwi tena mpaka mwisho, kwa sababu uchambuzi wa sura ya nne ungekwenda vilevile bila yake. Mahitimisho yanathibitisha kwamba dhamira iliyotafutwa imepatikana. Msimamizi anayesimamia wanafunzi wengi kwa wakati mmoja husahihisha vituo na tahajia, anaweka sahihi, na mambo yanaisha.

Wakosoaji wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya usomaji. Katika insia, swali zuri hutokana na kusoma sana. Mtu hawezi kuona kwamba mtunzi fulani amevunja kanuni ya umbo kama hajasoma mamia ya kazi zilizoifuata kanuni hiyo, wala hawezi kusoma hati ya kale kama hajui lugha na mwandiko wake. Wanasema kwamba miezi sita inayotumika kuandika tasnifu dhaifu ingetumika vyema zaidi kusoma vitabu thelathini kwa makini chini ya mwalimu na kufanyiwa mtihani wa mdomo. Nakiri kwamba hoja hii hunisumbua kila ninapoiwaza, kwa kuwa nimewaona wahitimu wanaojua kuandika pendekezo la utafiti kwa mpangilio safi ilhali hawajawahi kusoma kazi yoyote ndefu kutoka jalada hadi jalada. Tena kuna suala la wahojiwa. Mwanafunzi anayekwenda kurekodi kumbukumbu za wazee kuhusu vita au ndoa zao anashika maisha ya watu, na kozi ya mihadhara miwili kuhusu maadili ya utafiti na fomu ya ridhaa haimfundishi wakati gani inafaa kuizima rekoda.

Watetezi nao hawakosi la kusema. Mfano wao mmoja ni ule wa Oktoba 2023, pale Luke Farritor, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln mwenye umri wa miaka 21, alipotajwa kuwa mtu wa kwanza kusoma neno zima ndani ya gombo la mafunjo lililoungua na kuwa mkaa huko Herculaneum, mji wa kale wa Kirumi nchini Italia, wakati mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79. Gombo halikufunguliwa, lilipigwa picha za eksirei, naye akaifundisha programu ya kompyuta kutambua alama hafifu za wino. Neno lililojitokeza lilikuwa la Kigiriki, lenye maana ya rangi ya zambarau. Ni mfano wa kusisimua, lakini hauthibitishi chote kinachodaiwa. Farritor alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, picha za gombo zilikuwa zimeandaliwa na kuwekwa wazi kwa wote, na wataalamu wa maandishi ya mafunjo ndio waliosimama kuthibitisha kwamba herufi zile ni neno. Kwa maneno mengine, alipata kile ambacho mwanafunzi wa maabara hupata na mwanafunzi wa insia hukosa, yaani kazi iliyokatwa kwa kipimo chake ndani ya shughuli kubwa ya wengine.

Mfano ninaoupenda mimi ni mdogo zaidi, wala hautatangazwa popote. Tuseme mwanafunzi wa historia amekabidhiwa furushi la barua thelathini za familia moja, na kazi yake ni kuzinukuu na kuzipanga kwa tarehe. Anafika kwenye barua ya tarehe 12 inayoizungumzia harusi kama jambo lililokwisha, hadi nani alichelewa na nani alikasirika, kisha anafungua ya tarehe 19, mwandishi ni yuleyule, nayo inaalika watu harusini. Sasa afanye nini? Labda tarehe moja imekosewa. Labda harusi zilikuwa mbili. Labda barua ya mwaliko iliandikwa mapema ikawekewa tarehe siku ya kupelekwa posta. Analinganisha wino, anatazama karatasi zimekunjwa vipi, anarudi kwenye barua za mwezi uliotangulia kutafuta jina la bibi harusi. Kwa siku mbili hizo, huyo ni mwanahistoria. Hakuna nadharia iliyotajwa, hakuna pengo la kitaaluma lililozibwa, na bado amejifunza jambo ambalo vitabu thelathini visingemfundisha: kwamba ushahidi husigana, na kwamba mtu ndiye huamua, kisha anapaswa kutoa sababu.

Ndiyo maana nasema pande zote mbili zinapima kisichofaa. Watetezi wanapima upya wa matokeo, wakakuta vioja vichache vya kujivunia. Wakosoaji wanapima upya uleule, wakakuta haupo. Swali linalofaa zaidi ni kama mwanafunzi aligusana na chanzo chenyewe, iwe barua, mswada, rekodi ya ngoma au ukuta wenye michoro, kwa muda wa kutosha kiasi cha chanzo hicho kumkatalia jambo alilotarajia. Suala hilo limezidi kuwa la haraka tangu akili unde ianze kuandika mapitio ya maandishi kwa dakika mbili. Sura ya pili ya tasnifu ya kawaida haina tena thamani ya kuthibitisha kwamba mtu alifanya kazi. Furushi la barua ambalo halijawahi kuchapishwa bado linayo.

Kwa upande wa kazi za kubuni mjadala unabadilika sura. Mapema miaka ya 1990 Christopher Frayling wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, alitenganisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa na utafiti kwa ajili ya sanaa, na tangu hapo idara nyingi zimekuwa zikitafuta namna ya kuupa alama ule utafiti kupitia sanaa, ambao kazi ya sanaa yenyewe ndiyo njia ya kutafiti. Njia iliyozoeleka ni kumtaka mwanafunzi aambatanishe maelezo ya maandishi na kazi yake. Wenye kuunga mkono wanasema bila maelezo hayo hakuna atakayejua kama uamuzi wa kisanaa ulikuwa uamuzi au bahati. Wenye kupinga wanasema mchoraji hulazimishwa kuwanukuu wanafalsafa watatu wa Ufaransa ili apewe ruhusa ya kutumia rangi ya bluu.

Tukio moja linaweza kutusaidia hapa. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Yale, wanafunzi wa somo la usanifu unaohusu makaburi na kumbukumbu za wafu walifanya zoezi la kubuni kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam, kwa kuwa shindano la wazi la usanifu huo lilikuwa limetangazwa. Maya Lin, aliyekuwa mmoja wao, alikwenda Washington kukitazama kiwanja chenyewe, na alikuwa amejifunza jinsi kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza zilivyoyapa majina ya waliokufa nafasi ya mbele. Akabuni kuta mbili za mawe meusi yaliyong'arishwa, zilizozama ardhini na kukutana kwenye pembe, huku majina yakifuatana kwa tarehe badala ya alfabeti au cheo. Darasani alipata B. Mei 1981, jopo lililotazama kazi zisizo na majina liliichagua ya kwake kati ya 1,421. Michoro yake ilikuwa ya rangi laini za pasteli, isiyoonyesha mengi, na pembeni yake palikuwa na maelezo aliyoyaandika kwa mkono.

Watu huitumia hadithi hii kuwacheka walimu, jambo ambalo naliona la kitoto kidogo. Kinachonivutia ni yale maelezo. Hayakutaja nadharia. Yalimchukua msomaji kwa mkono, yakamwonyesha mtu anavyoteremka, anavyokutana na majina, anavyosimama pale kuta zinapoungana. Uchunguzi wa kiwanja na wa kumbukumbu za kale ulikuwamo, lakini ulikuwa umeyeyukia ndani ya uamuzi wa mahali pa kuweka jiwe. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kudaiwa kwa mwanafunzi yeyote wa sanaa bila kumdhalilisha: eleza umeamua nini, uliacha nini, na ulipoacha ulikuwa umeona nini. Daftari la mazoezi la mwongozaji wa igizo, lenye mistari iliyofutwa na tarehe iliyofutwa, husema mengi zaidi ya kurasa ishirini za dhana za kuazima.

Sidhani basi kwamba tasnifu ifutwe, wala kwamba kila mwanafunzi alazimishwe kuiandika katika umbo lake la sasa. Ningependa kuona idara zikikata kazi ndogondogo kutoka kwenye maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka zilizo karibu nazo, wanafunzi wanne wakilishika furushi moja, kila mmoja na sehemu yake, wakibishana kuhusu tarehe. Alama ambazo leo hutolewa kwa mchango mpya katika taaluma zihamie kwenye jinsi mwanafunzi alivyoshughulikia ushahidi uliomkataa, hata kama mwisho wake ni nusu ukurasa unaokiri kwamba suala la zile harusi mbili halikutatuliwa.

Lakini mpango huu hauwi rahisi kwa kuupendekeza tu. Kusahihisha tasnifu ya sura tano, kwa aliyezoea, ni kazi ya jioni moja. Kusahihisha unukuzi wa barua thelathini kunamtaka msimamizi naye afungue furushi, asome mwandiko uleule, afike kwenye tarehe 12 na tarehe 19 na kukwama pale alipokwama mwanafunzi wake, na saa hizo haziandikwi popote katika ratiba ya mzigo wa kazi wa mhadhiri. Mpaka zitakapoandikwa, fomu ya sura tano itaendelea kushinda, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mtu mmoja anaweza kuisimamia mara ishirini kwa muhula.