Nani kasema hatusomi?

Kuna msemo umenichosha: ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu. Nausikia Oslo kwenye vikao vyetu, nausikia Dar kila nikirudi likizo, na mara nyingi anayeusema mwenyewe hajashika kitabu tangu amalize kidato cha sita.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Norwei, naandika riwaya za Kiswahili alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nisiwe mnafiki, kwa mwandishi kule kuna raha yake. Maktaba ya Deichman pale Bjørvika, Oslo, iliyofunguliwa 2020, unaingia bure na unakaa dirishani mpaka usiku bila mtu kukuuliza umefuata nini. Desemba saa tisa alasiri giza linaanza kuingia, ukae wapi kama si humo? Halafu tangu 1965 serikali yao hununua mamia ya nakala za riwaya mpya za kwao na kuzigawa kwenye maktaba nchi nzima. (Zangu hazimo, nani atazisoma huko Tromsø?) Kwetu riwaya isipoteuliwa kusomwa shuleni, mwandishi anazunguka nazo kwenye begi kama machinga.

Ghorofa ya juu ya Deichman kuna chumba kidogo cha mbao. Mle wamehifadhi miswada ambayo hakuna ruhusa ya kuisoma. Tangu 2014 kila mwaka mwandishi mmoja hutoa wake, na Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe yumo. Itachapishwa 2114, kwa karatasi za miti elfu moja iliyopandwa msituni nje ya jiji. Mara ya kwanza nilisisimka. Mara ya pili nikajiuliza, hivi mimi naweza kuandika kitu nikijua hakuna atakayenipigia simu kunigombeza?

Maana Dar wananigombeza. Julai niliingia stesheni moja, duka la kudurufu, karibu na chuo kutoa kopi ya pasi yangu. Pale kaunta nikakutana na riwaya yangu mwenyewe: imedurufiwa, imefungwa springi, maneno ya pembeni yamekatwa. Shilingi elfu tatu na mia tano. Nilihisi kichwa kinachemka. Nikajikaza, nikamwuliza kijana kama inatoka.

"Hiyo anti haikai. Wanachangishana watano, wanatoa moja, wanapokezana. Ila mwisho wake umewaudhi."

Sikumwambia mimi ni nani. Ni wizi, na sitaupamba, senti moja sikuiona. Lakini watoto wanaochanga mia saba saba ili wasome riwaya kwa zamu, mtawaitaje watu wasiosoma? Na wale wanaoinama asubuhi kwenye meza za magazeti Posta, wanamaliza kurasa za mbele zote bila kununua hata moja, tena wanabishana? Sisi tuliokua na hadithi za "itaendelea" tunajua gazeti moja lilivyozunguka mtaa mzima mpaka likaishia kufungia maandazi. Kinachokosekana Dar ni mnunuzi mwenye mfuko, na huyo kwa maoni yangu ni serikali. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imekuwa mwanzo mzuri, ila tuzo inamfikia mwandishi mmoja mmoja. Nakala mia tano zikinunuliwa kwa ajili ya maktaba za mikoa, atafaidika hata binti wa Tunduru asiye na stesheni.

Kitu kimoja Oslo haitanipa kwa bajeti yoyote. Jioni ile nilikuwa Temeke, mama anachambua mchele kwenye ungo, nami namsomea sura ya tatu ya muswada mpya. Mhariri alishaipitia, na rafiki yangu wa kule anayejua Kiswahili aliisifia sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kijiwe pembeni.

"Huyu Zuhura ametoka Mbagala alfajiri?"

"Ndiyo, mama."

"Kafika Kigamboni, kagombana na mkwe, karudi usiku?"

"Ndiyo."

"Na siku nzima hajatia kitu mdomoni?"

Nilipekua kurasa zote kumi na nane. Kweli hajala. Usiku ule ule, umeme umekatika, nikamwongezea mihogo ya kukaanga na chachandu pale Magogoni, akisubiri pantoni.