Afazali kulala kwa mutu simuyue kuliko kwa kuzeni

Nasema wazi, na mama akisikia hii atanipigia simu leo leo: nikienda inchi ya watu, afazali nilale kwa mutu simuyue kuliko kwa kuzeni (binamu).

Siye ba Lubumbashi, mutu akisema anasafiri, swali ya kwanza haina "unaenda kufanya nini", ni "utafikia kwa nani". Na jibu iko paka moja, kwa ndugu. Ndugu wa Ndola, ndugu wa Dar, ata ule wa Kitwe mwenye mulionana naye mara moja ku kilio miaka kumi inapita. Kisha banakubebesha bintu: sombe (majani ya muhogo) ya kukausha, bikwembe sita ya wax, dawa ya koko, na salamu zenye haziishake.

Mi nafanyaka kabiashara ya viatu ya batoto, naendaka Dar mara mbili kwa mwaka. Nabeba basi mpaka Kasumbalesa ku mupaka ya Zambia, nafika Kapiri Mposhi, kisha treni ya TAZARA, kilometa 1,860 mpaka Dar. Kwa kuzeni hakuna mutu anakuambia sheria. Kulala ni bure, wanasema, lakini siku ya kwanza unga iliisha, siku ya pili umeme ya Luku iliisha, siku ya tatu mutoto hana yunifomu, na weye ni mugeni kutoka Congo, inchi ya madini, kwa hiyo uko na pesa. Ukirudi saa tatu ya usiku, hawakuambie kitu. Wanatuma WhatsApp. Mbele hata nivuke Kasumbalesa, mama ku Kenya (commune yetu, haina ile inchi) anajua nilivaa nini na nilirudi na nani.

Sasa mwaka moja treni ikachelewa, si ajabu, ile treni inachelewaka. Nilikuwa mu daraja ya pili, vitanda sita, wanawake tu. Mama moja akaingia Mbeya, tukaanza kuongea, akaniuliza kama niko na mizigo mingi, nikamujibu "hapana mama, niko paka na valizi moja". Akainama kuangalia chini ya kitanda. "Paka yuko wapi?" Kwetu paka ni "tu", kwao ni munyama, tulicheka mpaka Makambako, na sijui kama kuna kitu inaunganisha watu haraka kama kucheka Kiswahili cha mwenzako.

Tulifika Dar usiku, simu ya kuzeni imezima. Mama akasema, "Twende kwangu Temeke, huyo ndugu yako utamtafuta asubuhi." Kulikuwa na papa moja (mwanaume) ku stasioni naye alisema vile vile, ule nilimukatalia, siwezi kueleza vizuri juu ya nini, macho tu. Kwa mama nilienda, lakini nililala na mfuko yangu chini ya kichwa.

Asubuhi, chai bado: "Vaa vizuri, twende kwa mjumbe." Mi nikawaza basi, nimekamatwa! Kumbe kwao mugeni akifika, mwenye nyumba anamupeleka kwa mjumbe wa mtaa. Mzee akatoa kadaftari, akaandika jina, namba ya paseporti, siku ya kutoka. Aliposoma Lubumbashi akafunga kadaftari: "Mazembe! Mazembe ya Samatta!" Nikakaa nusu saa tunaongea ile kombe ya Afrika ya 2015 yenye Mazembe, timu ya kwetu, walishinda na Samatta, mi mwenyewe mpira sijuake, nilikuwa naitika tu.

Tuliporudi, mama akanipa sheria: geti saa nne, choo iko inje, maji ananunua kwa ndoo na mi nitanunua zangu mbili kila siku. Ile njo raha! Nilijua deni yangu inaishia wapi. Nilikaa siku tano, pahali ya siku moja.

Watu wakiongea habari ya kulala kwa wageni wanaongeaka sana juu ya moyo muzuri, upendo, dunia ni kijiji. Mi nasema ni kadaftari. Servas, shirika ya dunia yote ya kulalisha wageni, wanafanya hii kazi tangu 1949 na hawakutumi kwa mutu bila mahojiano na barua ya kukutambulisha. Couchsurfing ya 2004, tovuti ya kutafuta pa kulala kwa watu, ilikuwa na intaneti, lakini nguvu yake ilikuwa wageni kuandika maneno juu ya mwenyeji na mwenyeji juu ya wageni, ili wa nyuma yako asome. Mutu wa tatu anajua uko wapi. Basi.

Lakini kadaftari nayo haina sawa kwa wote. Ukitaka rafiki akulalishe Ufaransa, yeye anaenda meri (ofisi ya muji) kuomba karatasi ya kukupokea, analipa pesa, anaonyesha nyumba yake inatosha na mushahara yake inatosha. Mzungu akikuja huku, nani anapima chumba yetu? Tuliwahi kupokea moja wa velo (baiskeli), alikuwa anashuka Cape Town, alikula bukari (ugali) na mikono mpaka jirani wakakuja kuangalia. Hatukumuambia mutu. Siku ya pili wakakuja ba agents wa serikali, "mbona hamukutangaza mugeni", na ile "kutangaza" ilikuwa na bei. Nilikasirika sana, lakini pia najua nilikuwa nimeshaona Temeke vile inafanywa.

Sasa ule mama wa Temeke ameandika. Mutoto wake anaendesha lori, anapakia mizigo kuja huku mwezi ujao, atalala kwetu siku mbili tatu. Nimeshaenda kwa chef wa avenue (njo mjumbe wa kwetu), nimeandikisha jina. Bwana yangu ananiuliza tangu juzi, "lakini ule mutu tunamuyua?" Namujibu tunajua mama yake. Na kuzeni amesikia, anataka kujua juu ya nini lori haitabeba sombe yake.