Vijana Wasiofanya Ngono: Hiari au Kukosa?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Network Open ulionyesha kuwa, nchini Marekani, wanaume wa miaka 18 hadi 24 waliosema hawakufanya ngono kwa mwaka mzima waliongezeka kutoka takriban asilimia 19 mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi karibu asilimia 31 kati ya 2016 na 2018. Kwa wanawake wa rika hilo mabadiliko hayakuwa makubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu, ingawa kwa wenye miaka 25 hadi 34 ongezeko liliwagusa wote, wake kwa waume.

Wanaoipokea habari hii kwa furaha wana hoja: kijana anayesubiri hadi awe tayari hujiepusha na mimba asiyoitaka na maradhi ya zinaa, na huenda leo ana uhuru wa kukataa ambao wazazi wake hawakuwa nao. Wanaosikitika nao huona upweke, na lawama huitupia simu. Lawama hiyo naiona nyepesi. Japani, mwaka 1992, wakati ambapo hapakuwa na simujanja, tayari mtu mmoja hivi kati ya watano wenye miaka 18 hadi 39 hakuwa amewahi kujamiiana na mtu wa jinsia nyingine. Kufikia 2015 walikuwa kama robo.

Kinachonivuta zaidi ni jambo linalozungumzwa kidogo, kwamba katika utafiti ule wa Marekani wanaume wenye kipato cha chini, na wale wasio na kazi au wenye kazi ya saa chache, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kutofanya ngono, lakini wanafunzi pia walikuwa hivyo hivyo. Mwanafunzi aliyeahirisha mapenzi kwa ajili ya masomo na kijana asiye na kazi anayeona hana cha kumvutia mwenzi hutoa jibu lilelile kwenye dodoso, kisha huhesabiwa pamoja. Tena, ndoa zinapochelewa, idadi hupanda hata kama tabia za wasiooa na wasioolewa hazijabadilika hata kidogo. (Na yawezekana wanaume wa sasa hawaoni aibu sana kukiri ukweli kama wa zamani, waliopenda kujitapa.)

Kwa hiyo swali la kama mtu alifanya ngono mwaka uliopita halitoshi, mpaka aulizwe pia kama alitaka.