Sentimita 3 na Mkutano wa Ukoo

Juzi mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 23, kafanyiwa ultrasaundi kwa ajili ya maumivu ya hedhi. Imeonekana ana uvimbe maji kwenye ovari ya kulia, sentimita 3. Ripoti yenyewe imeandika maji matupu. Aliyempima, huku akimfuta jeli tumboni, akamwambia: "Wahi kuzaa, usije ukajuta." Basi, aitwe anayefuata. Hadi jioni ukoo mzima unajua, kundi la WhatsApp linawaka, shangazi mmoja kashatuma namba ya muuza dawa ya kusafisha kizazi, na kuna mtu, namsitiri, anauliza kama mchumba aambiwe kabla mahari haijaletwa.

Sentimita 3! Jamani.

Kila mwezi ovari ya mwanamke anayeona siku zake inakuza kifuko cha yai, na kifuko hicho hufika sentimita 2 na ushee kabla ya kupasuka. Mwezi mwingine hakipasuki, kinaendelea kujaa maji. Mwezi mwingine kinapasuka, kinajifunga tena na kujaa. Huo ndio uvimbe walio nao mabinti wengi tu, na wengi hawatakaa wajue, maana unanywea wenyewe baada ya hedhi mbili tatu. Yaani tumemkalisha mtoto kikao cha msiba kwa sababu ovari yake inafanya kazi. Madaktari wa uzazi wa Uingereza wana mwongozo kabisa: kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, uvimbe wa maji matupu usiofika sentimita 5 kwa kawaida hauhitaji hata kurudiwa kipimo.

Sasa hapo ndipo wauza chupa wanapopatia riziki. Binti analia, anatuma hela, anakunywa ule uchungu miezi miwili, anarudi kupima: uvimbe haupo. Haleluya! Picha mbili za ultrasaundi zinabandikwa Instagram, kabla na baada, na mabinti wengine wanajipanga. Uvimbe ungeondoka hata angekuwa anakunywa juisi ya ukwaju. Na hao ndio wenye bahati. Yule mwenye uvimbe usioondoka, wa damu nzito ya zamani au ule wenye nywele na meno ndani (upo, si uchawi), anapoteza mwaka mzima kwenye chupa. Mwingine anauziwa vidonge vya kuweka ukeni "vivute uchafu". Akipata maambukizi yakapanda juu, mirija inaweza kuziba, na mirija iliyoziba ndiyo inayomnyima mtu mtoto kweli. Alikuwa mzima. Tumemharibu kwa kumtibu.

Haya, sikatai, upo uvimbe wa kuuogopa. Maumivu ya ghafla upande mmoja na kutapika, huenda ovari imejisokota. Ni hospitali usiku huohuo, si kesho. Na maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu kila mwezi huenda ni endometriosisi (nyama kama ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake), ambayo inaweza kweli kuchelewesha mimba. Lakini hayo maumivu, ambayo ndiyo yaliyompeleka binti yetu kwenye kipimo, kuna aliyeyauliza tena? Wote wamehamia kwenye wajukuu.

Vile vifuko vidogo vingi vya PCOS (homoni kuvurugika, mayai yasikomae inavyotakiwa) ni habari nyingine, na dawa za kuchochea mayai zipo. Kukimbilia kisu nako kuna gharama yake, maana ovari ikichokonolewa mayai mazima nayo yanaweza kuondoka. Ila hata ikitolewa moja, nyingine inafanya kazi: jirani yangu wa zamani alitolewa ya kushoto kabla hajaolewa, sasa ana wanne, na wa mwisho hakumpanga.

Na wanaume? Karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, tatizo lipo pia kwa mume, au ni lake peke yake. Sijawahi kuona kundi la ukoo likijadili mbegu za kaka yetu.

Mabinti, mkipimwa ulizeni: una ukubwa gani, ndani ni maji matupu au kuna kitu kingine, nirudi lini? Ombeni ripoti mkononi, mwende nayo kwa daktari wa wanawake. Mpimaji akinuna, anune. Mmelipia.