Simulesheni za chaneli ya potasiamu, tuziamini mpaka wapi?

Chaneli ya potasiamu (protini yenye tundu kwenye utando wa seli) inaweza kupitisha ioni karibu milioni 100 kwa sekunde, halafu inaizuia sodiamu, na sodiamu ndo ndogo! Nusu kipenyo chake nanomita 0.095, potasiamu 0.133. Mwanasayansi Roderick MacKinnon alipotoa umbo la KcsA, chaneli ya potasiamu ya bakteria, mwaka 1998 (Nobel ya kemia ikafuata 2003) ikaonekana jibu limepatikana, yaani oksijeni za kichujio (sehemu nyembamba ya tundu inayochagua ioni) zimekaa kwa nafasi inayoitosha potasiamu iliyovua maji yanayoizunguka, sodiamu haizifikii vizuri so inaona bora ibaki na maji yake.

Sasa 2004 watafiti Noskov, Bernèche na Roux wakaiga mwendo wa atomu zake kwenye kompyuta (ndo simulesheni yenyewe) wakakuta zile oksijeni hazitulii, zinachezacheza kuliko hata ile tofauti ya nanomita 0.038 kati ya ioni zenyewe, na tundu linaloyumba hivyo litapimaje saizi? Wao wakasema siri iko kwenye oksijeni kusukumana kwa chaji, sodiamu ikizivuta karibu zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Mi hapo naipa simulesheni haki yake kabisa, picha ya fuwele kama ile ya MacKinnon inakupa wastani tu, mtikisiko wenyewe huuoni.

Ila wenye mashaka nao wana hoja nzito. Kuchagua potasiamu mara 1000 ni tofauti ya nishati ya kama kilokalori 4 tu kwa moli, ukikosea moja na nusu basi ile 1000 inashuka mpaka kama 80, na programu nyingi bado zinatumia chaji zisizobadilika, atomu haijali jirani yake ni nani, wakati mle ndani ioni zimebanana kweli kweli. Volteji nazo mara nyingi zinapandishwa kuliko za seli ili ioni zipite haraka.

Ndo maana ishu ya maji, kama yanapita pamoja na ioni ndani ya kichujio au la, haiishi. 2014 simulesheni zikaonyesha ioni zinasukumana moja kwa moja bila maji katikati, 2016 vipimo vya infraredi vikasomwa kwamba maji yapo, na wa upande wa kwanza wakajibu kwamba data hizohizo zinaendana na kwao pia.

Kwa hiyo mi simulesheni ikinieleza kwa nini kitu kinawezekana naisikiliza, ila ikija kuamua maji yapo au hayapo nataka kwanza irudiwe kwa modeli zenye chaji zinazobadilika, na kwa volteji ya seli, hata kama itakula miezi ya kompyuta.