Kupika plastiki na kuichoma ni mambo mawili

Wapinzani wa pairolisisi, yaani kupasha plastiki moto bila oksijeni hadi igeuke mafuta, huiita uchomaji taka uliobadilishwa jina. Wana haki pale mafuta yanapoishia kwenye injini: kaboni ile ile imefika angani, imechelewa tu. Ila ndani ya tanuri hakuna kinachoungua. Joto linakata minyororo ya molekuli, na kila plastiki hukatika kivyake.

Akriliki, plastiki angavu kama kioo, hufumuka pingili kwa pingili. Zaidi ya 90% yake yaweza kurudi kuwa kimiminika kilichoizaa. Polietilini ya mifuko hukatika ovyo, kuanzia nyuzi 400 hivi za Selsiasi, ikatoa nta, mafuta na gesi. Anayeahidi kuirudisha yote kuwa ethilini, gesi iliyoizaa, kwa tanuri la kawaida anauza maneno.

Kinachoipaka matope kazi hii ni PVC, plastiki ya mabomba. Huanza kuachia haidrojeni kloridi kwenye nyuzi 200 na ushei, wenzake bado wanayeyuka tu, na gesi hiyo ni kama 58% ya uzito wa PVC safi. Piga hesabu: tani ya taka yenye 1% tu ya PVC, vipande vya bomba na maganda ya waya, ina kilo 10 zake. Hizo hutoa kilo 5.8 za gesi. Ikikuta unyevu kwenye kipozeo inakuwa asidi na kula chuma; nyingine inajishika kwenye mafuta kama misombo ya klorini, na kiwanda cha petrokemikali kitayakataa.

Dawa ipo, na si ngeni. Chambua taka kwanza. Shikilia joto karibu nyuzi 300 hadi gesi iishe, ipitishe kwenye maji ya chokaa, ndipo upandishe hadi 450. Anayeruka hatua hiyo ili kuokoa saa mbili atatobolewa mabomba, kisha lawama iende kwa pairolisisi yenyewe. (PET, plastiki ya chupa za maji, nayo itolewe: asidi zake huganda kama unga na kuziba njia ya mvuke.)

Kwenye matairi wapinzani wana hoja nzito zaidi. Salfa imefunga minyororo ya mpira, hivyo hauyeyuki. Hukatika ukiwa mgumu. Zaidi ya theluthi moja ya tairi hubaki kaa jeusi lenye majivu na zinki, gumu kuuzika, na sehemu ya salfa huhamia kwenye mafuta. Bila kusafishwa, mafuta hayo yakiungua hutoa dioksidi ya salfa.