Mwanachuo wa ualimu anaridhika na nini hasa?

Anayesomea ualimu jijini Mwanza, awe chuoni Butimba au Malimbe kwenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, hufundishwa somo lake na mbinu za kulifundisha. Zaidi ya hapo anatarajiwa kupata stadi za jumla: kujieleza, kushirikiana na wenzake, kutatua matatizo, kutumia kompyuta. Vipi kati ya hivyo vinamfanya aridhike na masomo yake? Na je, kuridhika huko kunatuambia lolote kuhusu mwalimu atakayekuja kuwa?

Wanaotanguliza somo wana hoja nzito, na historia ya ukanda huu wa ziwa inawaunga mkono. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na walimu walipokosekana, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu wakiwa kazini. Nawaheshimu sana vijana wale, walibeba taifa. Lakini ari haizibi pengo la maarifa. Mwalimu asiyezielewa sehemu katika hisabati hawezi kumwelewesha mtoto, hata akiwa msemaji hodari.

Hata hivyo, mwanachuo akienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ndipo mambo yanapobadilika. Andalio la somo analo, zana anazo, somo analijua. Mbele yake wamekaa watoto wa kidato cha kwanza waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa kuwafundisha biolojia kwa Kiingereza. Darasa limefurika. Anauliza swali, kimya. Hapo anahitaji kusoma nyuso, kurahisisha maelezo papo hapo, kuwapanga watoto katika vikundi, na jioni kumwomba mwalimu mwenyeji ushauri bila kuona haya. Akiwa amepangiwa shule ya kisiwani, Ukerewe au Ukara, hana hata mkufunzi wa kumkimbilia. Kama chuo hakikumwandaa kwa hayo, atahisi amepotezewa muda, na ana haki.

Kwa hiyo naegemea upande wa stadi, ila kwa sharti. Kuzitengea kipindi chake ili watu wanakili notsi kuhusu “mawasiliano bora” ni kazi bure. Zifundishwe ndani ya somo lenyewe: mwanachuo afundishe wenzake, wamkosoe, arudie.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inachosha, na aliyechoka huenda akajibu kwenye dodoso kwamba haridhiki. Aliyerudishiwa andalio la somo mara tatu atanung’unika. Aliyepewa alama za bure atamsifu mkufunzi. Ndiyo maana siamini maoni yanayokusanywa mwisho wa muhula peke yake. Vyuo viwaulize wanachuo wale wale tena wakitoka BTP, kisha baada ya mwaka mmoja kazini, na majibu hayo ya baadaye ndiyo yatumike kupanga upya mafunzo.